Rangi ya Nne

Limeletwa juu ya lori, limefunikwa turubai:
gari dogo la milango miwili, halina paa,
pua ndefu ya kujidai.
Mteja hataki rangi kwanza. Anataka barua,
kwamba ndilo lile, namba ishirini na saba,
lililopanda Amani kutoka Muheza mwaka wa hamsini na nane
na kuwaacha mabwana katani wakila vumbi.
Kwa barua, asema, bei ni mara tatu.
Bila barua ni chuma,
na chuma hapa Tanga chumvi inakimaliza.

Mimi ni mpiga rangi, Barabara ya Kumi na Mbili.
Nyaraka sina. Nina msasa na ndoo ya maji.
Nikasugua duara dogo, upana wa kisahani,
wenye gari wakaanza kutoka
wa mwisho kwanza.

Buluu. Rangi ya milango ya nyumba, ya brashi.
Huyu ni Shemdoe fundi saa, alinunua mnadani,
hakuliwasha hata siku moja.
Kuku walitaga ndani. Unyoya bado umo kwenye springi za kiti.

Kijani. Shamba lilipotaifishwa
karani alilihesabu pamoja na matrekta.
Nimeiona daftari kwa macho yangu:
"Trekta dogo, moja. Halilimi."

Krimu. Noorali Virani, wa tanuri la mikate, Chumbageni.
Binti yake nilimpata kwa simu, yuko ng'ambo, kule kwao usiku.
"Breki zake zilikuwa zikilia," akasema,
"Raskazone nzima walijua saa kumi na moja imefika."
Akacheka, kisha akanyamaza muda mrefu, na salio langu likienda.

Halafu nyekundu.
Mkono ukaenda taratibu wenyewe.
Ukingo wa duara jeupe. Mbili. Saba.
Niliacha msasa nikaenda kununua kahawa.

Ningeandika siku ile ile, lakini nyekundu ilikata.
Nyuma ya mlango, ghafla, hakuna.
Krimu, chini yake kijivu cha kiwandani, basi.
Nikatafuta nyekundu kwenye buti, kwenye madigadi ya nyuma,
kama mtu anayetafuta funguo mfuko ule ule mara ya tano.

Jumapili nikapanda Muheza kwa Mzee Mhina Kilua,
aliyekuwa kijana wa winchi shambani kwa Kaloyannis.
Nilimwuliza nani alishinda. Hakunijibu.
Alikaza macho ukutani, akatoa beti
waliyoitunga makuli siku ile, wakivuta kamba:

*Nyekundu ya Mgiriki, yapanda huku yafoka,*
*Mwendo haukamatiki, nyuma mavumbi yaruka,*
*Kona saba haitoki, korongoni kaanguka,*
*Kikombe hakibebeki, kwa mkia kuvunjika.*

Kwa mkia kuvunjika!
Nilirudi na basi la mwisho, sikungoja asubuhi.
Tochi mdomoni, chali chini ya gari:
mshono huo hapo, wa gesi, mpana kama kidole gumba,
kazi ya fundi aliyekuwa na haraka na mkono mzuri.
Nikaukwangua kwa bisibisi.
Ukaniangukia usoni unga, mweusi kwa uzee.

Virani alinunua pua kwa Mgiriki
na matako kwa mtu ambaye jina lake halipo popote.
Magari mawili, mikate ikapata usafiri.

Nimemwandikia mteja hivi:
Nusu ya mbele iliongoza hadi kona ya saba.
Nusu ya nyuma haijawahi kushindana na mtu,
ila haijawahi kuchelewesha chai ya Raskazone.

Amepiga simu mara mbili. Anauliza kama naweza
kuifuta sentensi ya pili.
Nimemwambia nafuta rangi tu.

Gari liko uani, limesuguliwa viraka viraka.
Mwanangu amekaa kwenye usukani, anatoa mlio kwa midomo,
anapinda kona,
anapinda nyingine, anahesabu kwa sauti.
Nne. Tano.
Nimesimama na chai yangu mkononi, sijamwita.